Namna ya Aimable

Kabla sijasema lolote kuhusu mbio zile, ijulikane kwamba mimi sikuzitaka. Mume wangu Aimable alikuwa na miaka arobaini na minane, goti lake la kushoto lilikuwa likimsumbua kila asubuhi, na kazi yake tangu ujana ilikuwa kubeba abiria kwa baiskeli. Hapa Kigali watu wa kazi hiyo tunawaita abanyonzi. Mtu anayepanda vilima vya mji huu wiki nzima akiwa na mwenzake nyuma, Jumapili anatakiwa aende misa, ale, alale. Hatakiwi kuvaa kofia ngumu ya kuazima na kwenda kukimbizana na watoto wa matajiri wa Nyarutarama.

Lakini binti yetu Iteka alikuwa amekwisha kuamua, na Iteka akiamua jambo baba yake hana kauli. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alijifunza baiskeli za milimani kwenye kituo cha vijana hapa kwetu Kimisagara, akaanza kama mzaha, na mwaka haujaisha akawa anawaacha wavulana wakitema mate. Basi klabu moja ikatangaza mbio za mzazi na mtoto kwenye mlima ulio juu ya mtaa wetu. Wawili wanaanza pamoja, na muda unaohesabiwa ni wa yule anayefika wa mwisho. Mtoto wa jozi itakayoshinda angechukuliwa kwenye timu ya vijana ya klabu, apewe kocha na baiskeli yake mwenyewe. Iteka aliitaka nafasi ile hadi akawa anaiota. Nilimsikia mwenyewe akiongea usingizini, anahesabu gia.

Nilimwambia atafute mjomba wa kukimbia naye. Akasema kanuni inataka mzazi. Nikasema basi nitakwenda mimi, wakacheka wote wawili mpaka Aimable akakaa chini, kwa sababu mimi sijui hata kupanda baiskeli. Nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, tambarare kabisa, na bado nilitembea kwa miguu.

Siku yenyewe Aimable alikwenda na baiskeli yake ya kazi, chuma kizito, na nyuma keria yenye mto wa abiria. Kocha alimshauri afungue keria ili apunguze uzito. Akakataa. Alisema bila keria baiskeli yake itacheza kama mlevi. Watu walicheka, na mimi nilicheka, kwa nini niseme uongo. Pembeni yao alikuwa bwana mmoja anaitwa Frederick, mtu aliyekulia Uganda, ana ofisi yake na nyumba kubwa Nyarutarama, pamoja na mwanawe Kenny. Baiskeli zao ungeziinua kwa kidole. Frederick hakucheka. Alimsalimia Aimable kwa mikono miwili na kumwita mzee, na tangu siku hiyo sina neno baya juu yake.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mimi nilibaki chini, kwenye uwanja wa kumalizia, na mwavuli wangu na kikapu cha chapati. Yaliyotokea juu niliambiwa baadaye na Iteka, na nikaambiwa tena na Frederick, na hawakupishana.

Kupanda kulikuwa mali ya Aimable. Wenzake walikuwa wanapanda mlima kwa mazoezi, yeye alikuwa anakula kwa kupanda mlima. Aliwapita mmoja mmoja katikati ya mikaratusi, mdomo umefungwa, keria inagonga, na Iteka mbele yake anageuka kila mara kumtazama na kucheka kwa furaha. Walipofika kileleni walikuwa wa kwanza. Wa pili walikuwa Frederick na mwanawe, na hawakuwa mbali.

Kisha wakaanza kushuka. Aimable alimpigia kelele Iteka apunguze mwendo. Iteka anasema alisikia, lakini alisikia pia baiskeli ya Kenny nyuma yao, na nafasi yake kwenye timu ilikuwa chini ya mlima inamngoja. Kwenye kona ambapo udongo umeoshwa na mawe yamebaki wazi, gurudumu la mbele liliteleza. Baiskeli ilikwenda upande wake na yeye upande wake. Alitua juu ya jiwe kwa mgongo.

Alikuwa macho. Aliongea. Alisema mgongo unawaka moto. Frederick na Kenny walifika wakasimama, wakaziacha mbio zao pale pale. Frederick alipiga simu, akasema watu wa ambulansi wanapanda kwa miguu na ubao wa kumlaza, na kwamba mtu yeyote asimguse mpaka wafike. Aimable aliuliza ni muda gani. Frederick akasema labda nusu saa.

Hapa inabidi umfahamu mume wangu. Kwenye mabonde yetu kuna nyumba nyingi ambazo magari hayazifikii, na mtu akizidiwa, anayeitwa ni mwenye baiskeli. Aimable alikuwa amebeba wanawake wenye uchungu wa kuzaa, wazee walioishiwa pumzi, mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto. Alikuwa na namna yake. Anamkalisha mgonjwa kwenye mto wa keria, anamfunga kwenye mgongo wake kwa mikanda aliyoikata kutoka tyubu kuukuu, anaizungusha mikono ya mgonjwa kwenye kifua chake mwenyewe, kisha anashuka akiwa amesimama kwenye pedali ili matuta yaishie miguuni mwake. Wajawazito walikuwa wakimwita kwa jina. Na wale waliowahi kumfia, alikuwa akiniambia, walikufa kwa sababu ndugu zao walikaa kwanza wakingoja gari.

Kwa hiyo hakubishana. Frederick alimshika mkono, yeye akauondoa taratibu.

"Bwana, mimi iko nabeba watu tangu huyu wako hajazaliwa," alimwambia. "Mutoto wangu hatangoja."

Akamwinua Iteka, akamkalisha, akamfunga, akashuka naye.

Sisi wa chini hatukujua kitu. Tuliona tu baiskeli nzito inatoka kwenye miti, ya kwanza kabisa, baba yuko mbele na binti amefungwa mgongoni, kichwa kimelala begani kwake. Mtangazaji alidhani ni vituko vya ushindi. Alipandisha muziki, akasema huyu ndiye mzazi, mtazameni mzazi. Uwanja mzima ulipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele, mama yake mzazi, mpaka waliponipita na nikauona uso wa mwanangu.

Watu wa ambulansi walikuwa wamepanda kwa njia nyingine, kwa hiyo Frederick, aliyeshuka nyuma ya Aimable, ndiye aliyetuwahisha hospitali kwa gari lake, akiendesha na taa zimewashwa mchana. Jioni daktari aliniita pembeni, mimi peke yangu, kwa sababu Aimable alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido na matope yake, na ilikuwa wazi kwamba hakuna neno ambalo lingemwingia. Alikuwa daktari kijana, mpole. Alisema uti wa mgongo umeumia vibaya na Iteka hatatembea tena. Akaniuliza kama baada ya kuanguka aliweza kusogeza miguu. Nikasema sikuwepo. Akauliza alishushwaje mlimani. Nilipomweleza alishusha macho. Halafu akasema kwamba mfupa ukishavunjika, kumwinua mtu na kumtikisa kunaweza kukata kile ambacho kilikuwa bado kizima, lakini pia inawezekana kilikatika pale pale kwenye jiwe. Akasema haiwezekani kujua.

Nililishika neno hilo. Haiwezekani kujua. Nilikwenda nalo nyumbani, nikaoga nalo, nikalala nalo, na kwa wiki mbili lilinitosha.

Iteka mwenyewe ndiye aliyeniondolea. Nilikuwa namwosha kitandani, baba yake ametoka kununua maji. Aliuliza kama mlango umefungwa, halafu akaongea haraka, anatazama dari.

"Mama, nilipoanguka nilikuwa nasikia miguu. Nilikuwa nachezesha vidole ndani ya kiatu. Iliisha njiani, pale kwenye mawe makubwa, Papa anashuka mbio."

Nilibaki na kitambaa mkononi, maji yananidondokea miguuni.

"Usimwambie," akasema. "Mama, niapie."

Nikaapa. Ningeapa nini kingine? Mtoto amelala hana miguu na anachoomba ni hicho tu.

Tulirudi nyumbani baada ya Pasaka. Nyumba yetu iko juu ya barabara, na kuifikia kuna ngazi za mawe na udongo ambazo kila mvua inazila kidogo. Kiti chake cha magurudumu hakiwezi kupanda pale. Tulikiacha chini kwa fundi cherehani, na kila asubuhi Aimable alimbeba Iteka mgongoni kumshusha, akamkalisha, akamsukuma hadi shule, na jioni akampandisha. Hakuwahi kuchelewa. Alimbeba vizuri, hilo hakuna atakayemnyang'anya, na Iteka alipanda mgongoni kwake kama mtu anayepanda kitanda chake. Wakiwa kwenye ngazi walizungumza. Walitaniana. Jirani zetu walisema hawajaona baba kama yule, na mimi niliyekuwa nyuma yao na begi la shule niliona ni kweli, na nikamchukia kwa siku nyingine nzima.

Sikumwambia, lakini chuki ilikuwepo. Niliyaficha maneno, sikuweza kuficha sufuria. Nilikuwa nazigonga hadi Aimable akaniuliza kama kuna sufuria iliyonikosea.

Kilichonichoma zaidi ni wageni. Walikuja kumwona mgonjwa na soda zao, na kila aliyekuja alitaka kusikia habari ya mlima. Aimable akawasimulia. Mwanzoni kwa maneno machache, baadaye akatia chumvi. Ile nusu saa ya Frederick ikawa saa nzima, halafu ikawa saa mbili. Na kila mara alimalizia kwa maneno yale yale, kwamba angengoja gari, leo angekuwa anapeleka maua makaburini. Wageni wakatikisa vichwa. Iteka akiwa kitandani akatabasamu na kusema ni kweli, Papa aliniokoa. Alilisema bila kunitazama.

Na hilo ningeweza kuishi nalo. Watu wengi wanaishi na mambo mabaya kuliko hayo, wanakula na kwenda harusini. Lakini maneno ya Aimable yalitoka nje ya nyumba yetu.

Mwezi Juni kijana mmoja wa ushirika wao wa abanyonzi, anaitwa Arnaud, aligongwa na pikipiki akiwa na gunia la makaa. Alianguka kichalichali. Wenzake hawakungoja mtu. Walimkalisha kwenye keria, wakamfunga kwa tyubu mgongoni mwa mmoja wao, wakamkimbiza kituo cha afya. Bahati yake ni mkono tu uliovunjika. Jioni wakaja nyumbani kwetu, kundi zima, kumshukuru Aimable. Walisema tumemfanyia namna yako. Walikuwa wameipa jina sasa, namna ya Aimable, na mwenyekiti wao akaomba Jumamosi aje awafundishe wote, wakongwe na wapya, ili kila mmoja aijue.

Aimable alifurahi hadi aibu ikamshika. Tangu mlimani sikuwa nimemwona hivyo. Alisema atakuja, na akasema ingefaa wamwone mtu akifungwa, si maneno tu. Akageuka kwa binti yake.

"Iteka, utakubali tukufunge kidogo pale mbele yao? Waone vile tulifanya."

Chumba kilikuwa kimejaa watu. Iteka akaitikia, "Yego, Papa." Halafu kwa mara ya kwanza tangu hospitali akanitazama usoni, na nikajua ananikumbusha kiapo.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mwenda wazimu. Niliwaona wale vijana kila nilipofumba macho. Niliona mtoto wa mtu mwingine anaanguka kwa mgongo, anachezesha vidole ndani ya kiatu, na vijana wenye moyo mzuri wanamwinua. Nilimwomba Iteka anifungue kwenye kiapo. Alisema hapana. Nikamwambia kuna watu watavunjwa. Akaniambia Papa ndiye atakayevunjika, na akageuza uso ukutani. Sehemu ya juu ya mwili tu ndiyo iliyogeuka.

Ijumaa, jua halijazama, nilimfuata Aimable uani. Alikuwa anakata tyubu mpya kwa ajili ya somo, mikanda imepangwa vizuri juu ya jiwe. Nilikuwa nimetayarisha njia ndefu ya kulifikia jambo. Nilipofungua mdomo njia yote ilipotea.

"Usiwafundishe," nikasema. "Iteka alikuwa anasikia miguu ulipomwinua."

Hakusimamisha kisu mara moja. Alimaliza kuukata ule mkanda, akauweka pamoja na mingine.

"Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe."

"Iliisha wapi?"

"Kwenye mawe makubwa. Njiani."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubaliana na jirani yake juu ya mvua.

"Alikuwa amenibana na magoti," akasema. "Pale kwenye mawe akaacha. Mimi nilifikiri amechoka."

Nilitaka kumshika. Siku zote hizi nilikuwa na hasira ya kumpiga, na sasa nilitaka kumshika tu. Alinyanyuka, akapita kando yangu, akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu. Hakuingia chumbani kwa Iteka usiku ule, na Iteka hakuuliza kwa nini. Alijua. Kuta zetu ni nyembamba.

Jumamosi alikwenda peke yake. Nilimfuata na kusimama nyuma ya ukuta wa stoo ya ushirika. Walikuwa wengi, wamekaa kwenye keria za baiskeli zao, wanapiga soga, na wawili walikuwa tayari wameanza kufungana kwa majaribio huku wakicheka. Aimable alisimama mbele bila mikanda yake. Hakuwasalimia.

"Mutu akianguka mugongo, musimuinue," alisema. "Musimuguse. Mimi niliinua wangu. Alikuwa na miguu, nikamufikisha bila miguu."

Wale wawili walianza kufunguana. Mzee mmoja aliuliza, kwa heshima, afanyiwe nini basi mtu aliyeanguka huko juu gari lisikofika. Kuwashusha watu kama hao ndiyo ilikuwa kazi ya Aimable ya miaka yote. 

"Mungoje," alisema. Halafu akasimama tu pale, hajui aende wapi, mpaka mwenyekiti akamshika bega akamtoa.

Mimi sijutii. Nasema hivi na moyo unaniuma, lakini sijutii. Wale vijana hawatamfunga tena mtu aliyevunjika mgongo, na pengine mahali fulani kuna binti atakayetembea na hatajua kamwe jina langu. Nilidhani hiyo ndiyo gharama yote, kwamba Aimable ajue. Nilidhani ataumia, atalia, tutamlilia mtoto pamoja, halafu maisha yataendelea kama watu wanavyosema.

Jumatatu asubuhi Iteka alikuwa amevaa sare, amekaa ukingoni mwa kitanda, anamwita Papa. Aimable alikuja hadi mlangoni. Alimtazama. Alinyoosha mikono kidogo. Akairudisha kwapani, akatoka nje.

Tulifikiri ni siku moja. Ilipofika wiki nilimwita Padri. Alizungumza naye sana, Aimable akaitikia kila neno, na kesho yake ikawa vile vile. Frederick alikuja pia, akakaa naye uani nusu ya siku. Baiskeli ameiuza kwa mtu wa Nyabugogo. Sasa anafanya kibarua cha kuponda mawe ya ujenzi, na anasema kazi hiyo inamfaa.

Kumbeba Iteka nimejaribu mimi. Nilimshusha ngazi chache, nguvu zikaniishia, tukakaa wote wawili katikati ya ngazi kwenye tope hadi jirani alipotuona. Vijana wa mtaa husaidia wakiwepo, lakini nao wana kazi zao. Kuna wiki Iteka anakwenda shule mara mbili. Kuna wiki haendi kabisa. Kiti kiko chini kwa fundi cherehani, na wateja wanaweka vitambaa juu yake.

Jana tulikuwa mlangoni, yeye kwenye mkeka, mimi nachambua mboga. Aliongea bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

"Ulimwambia kwa ajili ya wale watu."

"Ndiyo."

"Sawa. Mimi sasa nani atanibeba?"

Nilichambua mboga zote, nikaanza kuzichambua upya.

Aimable anaamka kabla yetu. Anachemsha maji, anapiga pasi sare ya Iteka, anapiga viatu vyake rangi na kuviweka karibu na kitanda, vimeelekea mlangoni. Kisha anatoka, anasimama juu ya ngazi. Akisikia tunamwita, anaanza kushuka peke yake.